Kutoka Schiphol hadi Heathrow: umbali, muda wa safari na maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yanahusu safari ya ndege kati ya uwanja wa Schiphol ulioko Amsterdam, Uholanzi, na uwanja wa Heathrow ulioko London, Uingereza. Wasafiri wengi kutoka Dar es Salaam, Kilimanjaro na Nairobi huifahamu kama kipande cha mwisho cha safari ndefu. Ni kipande kifupi, lakini huleta maswali mengi kuliko kile kirefu kilichokitangulia, kwa sababu umbali wake, muda wake na saa zilizoandikwa kwenye tiketi ni mambo matatu yasiyolingana kwa urahisi.

## Umbali

Kutoka Schiphol hadi Heathrow ni kilomita ngapi?

Ni takriban kilomita 370, sawa na maili 230 za nchi kavu au maili 200 za baharini. Kipimo hiki ni cha mstari mfupi kuliko yote unaoweza kuchorwa juu ya uso wa Dunia kati ya viwanja hivi viwili, yaani mstari unaofuata duara kuu. Kwa safari ndefu mstari huo huonekana umepinda kwenye ramani ya ukutani. Kwa umbali mdogo kama huu mpindo wake hauonekani kwa macho. Ndege inayotoka Schiphol inaelekea magharibi na kusini kidogo, ikivuka Bahari ya Kaskazini.

Mbona mahali pengine nimesoma kilomita 358?

Huo ni umbali kati ya katikati ya jiji la Amsterdam na katikati ya jiji la London, si kati ya viwanja. Schiphol iko kusini-magharibi mwa Amsterdam, hivyo inapunguza safari kidogo, lakini Heathrow iko magharibi kabisa mwa London, kwa hiyo ndege inayotoka bara la Ulaya hulazimika kulipita jiji lote kabla ya kufika. Mkanganyiko mwingine unatokana na maili: maili ya nchi kavu ni kilomita 1.609, na maili ya baharini, ambayo ndiyo inayotumiwa na marubani na waongoza ndege, ni kilomita 1.852. Ukiona 200 na 230 kwa safari ileile, hakuna aliyekosea.

London ina viwanja kadhaa. Je, umbali kutoka Schiphol ni uleule?

Hapana. Stansted ni takriban kilomita 315, London City 335, Luton 355 na Gatwick 365. Kati ya hivyo vitano, Heathrow ndiyo ya mbali zaidi, ingawa tofauti na Gatwick ni ndogo sana. Anayekwenda mashariki mwa London atafanya vyema kulinganisha bei ya tiketi na nauli ya kutoka uwanjani hadi anakofikia, kwa kuwa kilomita 35 zilizookolewa angani si kitu mbele ya saa nzima ya kukaa ndani ya treni ya chini ya ardhi.

Je, ndege huufuata mstari huo wa kilomita 370?

Haiufuati kikamilifu. Kila uwanja una njia maalumu za kuondokea na za kuingilia, zilizopangwa ili ndege zisikaribiane na ili kelele zisiwaangukie watu walewale kila siku. Ndege ikiruka kuelekea kaskazini kutoka Schiphol itaanza kwa kwenda upande ambao si wa London, kisha itageuka. Upande wa pili, baada ya kuvuka bahari na kuingia pwani ya mashariki ya Uingereza, huelekezwa kwanza kwenye eneo la Lambourne, kaskazini-mashariki mwa London, ndipo ipangiwe zamu ya kutua. Kwa hiyo umbali halisi unaosafiriwa mara nyingi hupita kilomita 400, na siku yenye msongamano huongezeka zaidi.

Mwinuko wa viwanja una athari yoyote?

Kwa safari hii, hapana. Schiphol iko zaidi ya mita 3 chini ya usawa wa bahari, kwa sababu ilijengwa kwenye sakafu ya ziwa la Haarlemmermeer lililokaushwa mwaka 1852, na Heathrow iko takriban mita 25 juu yake. Ni jambo la kupendeza kulijua, lakini halibadilishi hata dakika moja.

## Muda wa safari

Ndege huchukua muda gani?

Jibu linategemea unaanza kuhesabu wapi. Kutoka magurudumu yanapoacha ardhi hadi yanapogusa tena, kwa kawaida ni kati ya dakika 45 na saa moja. Ratiba za mashirika ya ndege, hata hivyo, huonyesha takriban saa 1 na dakika 15 hadi saa 1 na dakika 30, kwa kuwa ratiba huhesabu tangu ndege inapoanza kusogea kutoka langoni hadi inaposimama kwenye lango la uwanja wa pili. Ukipanga mtu aje kukupokea, tumia muda wa ratiba, kisha ongeza muda wa uhamiaji na wa mizigo.

Ndege huruka kilomita 800 kwa saa. Kwa nini kilomita 370 zisichukue chini ya nusu saa?

Kwa sababu katika safari fupi ndege haikai kwenye kasi hiyo kwa muda wa maana. Ndege za aina ya Boeing 737 na Airbus A320 hufikia takriban kilomita 830 kwa saa zikiwa juu kabisa, ila zikiwa chini ya futi 10,000 kikomo cha kawaida ni noti 250 (maili 250 za baharini kwa saa), yaani takriban kilomita 460 kwa saa. Kati ya Schiphol na Heathrow, rubani hutumia sehemu kubwa ya safari ama akipanda ama akishuka; muda wa kwenda sawasawa angani ni mfupi kiasi kwamba wahudumu hulazimika kugawa maji na biskuti kwa haraka kabla ishara ya mikanda haijawashwa tena.

Lakini hata hilo halielezi yote. Nairobi na Mombasa ziko mbali zaidi, takriban kilomita 420 kati ya viwanja vyake, na bado ratiba ya safari hiyo ni kama saa moja tu. Kinachoirefusha safari ya Heathrow ni foleni, ya ardhini upande mmoja na ya angani upande mwingine. Anayetaka kujua atafika lini anapaswa kuuliza habari za viwanja kwanza, halafu ndipo aulize habari za umbali.

Kwa nini ndege hutembea ardhini muda mrefu hivyo Schiphol?

Schiphol ina njia sita za kurukia ndege, na iliyo mbali zaidi ni Polderbaan, yenye urefu wa mita 3,800, iliyofunguliwa mwaka 2003. Ilijengwa mbali makusudi ili kupunguza kelele kwa wakazi wa maeneo ya jirani, na gharama ya uamuzi huo hulipwa na abiria kwa dakika: kutoka langoni hadi mwanzo wa njia hiyo huweza kuchukua robo saa au zaidi. Ukikaa dirishani utaona ndege yako ikivuka daraja juu ya barabara kuu ya magari ya A5, malori yakipita chini ya mabawa, kisha mashamba tambarare pande zote mbili, mpaka ujiulize kama rubani ameamua kwenda London kwa magurudumu. Siku upepo ukiruhusu njia iliyo karibu na majengo, sehemu hii huisha kwa dakika chache tu. Wasimamizi wa uwanja ndio wanaochagua, kwa kufuata upepo na kanuni za kelele, na abiria hawezi kujua mapema.

Kwa nini ndege huzunguka kabla ya kutua Heathrow?

Heathrow ina njia mbili tu za kurukia, na inaruhusiwa kuhudumia ndege zinazoruka na kutua jumla ya mara 480,000 kwa mwaka, kiwango ambacho katika miaka ya kawaida inakikaribia sana. Uwanja uliojaa kiasi hicho hauna nafasi ya kupumua, kwa hiyo waongoza ndege huweka akiba ya ndege angani ili pasitokee pengo kwenye njia ya kutua. Akiba hiyo imegawanywa katika maeneo manne: Bovingdon, Lambourne, Biggin na Ockham. Ndege za kutoka Amsterdam kwa kawaida huingia Lambourne.

Kwenye skrini yenye ramani utaona alama ya ndege ikichora umbo la yai. Mzunguko mmoja huchukua takriban dakika nne: dakika moja kugeuka, moja kwenda moja kwa moja, moja kugeuka tena, moja kurudi. Chini yako, kwa tofauti ya futi 1,000, kuna ndege nyingine inayofanya vivyo hivyo, na juu yako huenda ikawapo nyingine pia. Iliyo chini kabisa ikiitwa kwenda kutua, zilizobaki hushuka ngazi moja. Kwa kuwa mashirika yanajua hali hii, dakika hizo huwa zimekwisha kuingizwa ndani ya ratiba; ndiyo sababu ndege huweza kuzunguka mara mbili na bado ikafika kwa wakati, na siku isipozunguka hufika mapema, jambo ambalo rubani hulitangaza kwa fahari isiyo ya lazima.

Je, kwenda na kurudi huchukua muda sawa?

Karibu sawa. Katika sehemu hii ya dunia pepo za juu huvuma zaidi kutoka magharibi, kwa hiyo ndege inayotoka London husukumwa na inayokwenda London huzuiwa. Upepo wa kilomita 100 kwa saa unaweza kuleta tofauti ya takriban dakika kumi kati ya pande hizi mbili, kiasi ambacho humezwa kwa urahisi na foleni zilizoelezwa hapo juu.

Aina ya ndege hubadilisha muda?

Kwa abiria, hapana. Ndege zinazotumika ni za injini mbili za jeti, na kasi zao zinakaribiana mno.

Safari hii ilianza lini?

Shirika la ndege la Uholanzi, KLM, lilifanya safari yake ya kwanza kabisa kati ya miji hii tarehe 17 Mei 1920, kutoka Croydon, uwanja wa London wa wakati huo, hadi Schiphol. Rubani Jerry Shaw aliirusha ndege ya kukodi aina ya DH.16, ikiwa na waandishi wa habari wawili na shehena ya magazeti. Heathrow ilianza kutumika kwa ndege za kiraia mwaka 1946.

## Saa zilizoandikwa kwenye tiketi

Tiketi yangu inaonyesha kuondoka 10:00 na kufika 10:20. Je, safari ni ya dakika 20?

La. Uholanzi iko mbele ya Uingereza kwa saa moja, na tiketi huandika saa za mahali husika. Unapoondoka Schiphol saa 4:00 asubuhi, London ni saa 3:00 asubuhi. Ukisafiri kwa saa 1 na dakika 20 utafika London saa 4:20 asubuhi ya huko, na tiketi itaandika 10:20. Kwa kurudi hesabu hugeuka: ukiondoka Heathrow 10:00 utafika Schiphol 12:20, kana kwamba umesafiri zaidi ya saa mbili.

Kumbuka pia kwamba tiketi huhesabu saa kuanzia usiku wa manane. Hivyo 10:00 ni saa nne asubuhi, na saa kumi jioni huandikwa 16:00. Anayetuma ujumbe nyumbani kuwajulisha jamaa saa ya kufika na ataje neno asubuhi, mchana au jioni, ili asije akangojewa kwa saa sita.

Tofauti hiyo ya saa moja hubadilika kiangazi?

Haibadiliki. Nchi zote mbili husogeza saa mbele Jumapili ya mwisho ya Machi na kuzirudisha nyuma Jumapili ya mwisho ya Oktoba, tena kwa wakati mmoja. Kinachobadilika ni tofauti yao na Afrika Mashariki, ambayo haisogezi saa. Wakati wa baridi Nairobi na Dar es Salaam ziko mbele ya Amsterdam kwa saa mbili na mbele ya London kwa saa tatu. Wakati wa kiangazi ni saa moja na saa mbili.

## Wanaounganisha ndege Schiphol

Nikitoka Dar es Salaam kwenda London kupitia Schiphol, umbali wote ni kiasi gani?

Dar es Salaam hadi Schiphol ni takriban kilomita 7,350 kwa mstari wa moja kwa moja. Ukiongeza 370 unapata kama 7,700. Safari ya moja kwa moja hadi Heathrow, kama ingekuwapo, ingekuwa takriban kilomita 7,500. Kupitia Amsterdam, basi, kunaongeza kilomita 200 hivi, na kinachorefusha safari kweli ni muda wa kungoja ndege ya pili.

Je, nitapita uhamiaji wa Uholanzi?

Ikiwa tiketi yako ni moja na hutoki nje ya eneo la kuunganishia, kwa kawaida hupiti, kwa sababu Uingereza haimo katika eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya ambazo kwa kawaida hazikagui pasipoti kwenye mipaka kati yao, na ndege zake huondokea upande wa uwanja ulio nje ya mpaka huo. Utakachopitia ni ukaguzi wa usalama wa mizigo ya mkononi, na foleni yake ndiyo ya kuiwekea muda. Uhamiaji utakutana nao Heathrow, ambako viza ya Schengen haikubaliki hata kidogo. Raia wa baadhi ya nchi, ikiwemo Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, wanaweza kutakiwa kuwa na viza ya kupitia uwanjani. Ni vyema kuthibitisha ubalozini kabla ya kununua tiketi.

## Kuchelewa na fidia

Rubani amesema tunasubiri nafasi. Nafasi gani?

Heathrow au anga lililo njiani likijaa, kituo cha Eurocontrol kinachosimamia mtiririko wa ndege Ulaya huipa ndege yako muda maalumu wa kuruka. Dirisha hilo ni la dakika 15: kuanzia dakika 5 kabla ya muda uliotajwa hadi dakika 10 baada yake. Ndege ikilikosa hutafutiwa jingine. Safari fupi kama hii huathirika zaidi, kwa kuwa ni nafuu kuizuia ndege ardhini ikiwa injini zimezimwa kuliko kuiacha izunguke angani ikiunguza mafuta.

Umbali una uhusiano gani na fidia?

Una uhusiano mkubwa, na hapa ndipo kilomita 370 zinapogeuka fedha. Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 261 ya mwaka 2004 hupanga fidia kwa umbali unaopimwa kwa duara kuu, bila kujali ndege ilipita wapi. Safari isiyozidi kilomita 1,500 ina fidia ya euro 250, kwa ndege iliyofutwa ghafla au iliyofika ikiwa imechelewa saa tatu au zaidi, isipokuwa sababu ikiwa nje ya uwezo wa shirika, kama vile dhoruba. Kanuni hiyo inahusu ndege zote zinazoondoka Schiphol. Kwa zinazoondoka Heathrow, Uingereza ina sheria yake inayofanana nayo, na kiwango chake ni pauni 220.

Saa ya kufika huhesabiwa wapi, magurudumu yanapogusa ardhi?

Hapana. Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua mwaka 2014 kwamba ndege imefika pale angalau mlango wake mmoja unapofunguliwa na abiria kuruhusiwa kushuka. Ndege iliyotua ikiwa imechelewa saa 2 na dakika 55, kisha ikangoja lango kwa dakika kumi, imevuka kiwango. Angalia saa yako mlango unapofunguliwa.

Na ikiwa safari yangu ilianzia Afrika Mashariki?

Kwa tiketi moja, umbali hupimwa moja kwa moja kutoka uwanja wa kwanza hadi wa mwisho, wala vipande havijumlishwi. Anayetoka Dar es Salaam kwenda London, iwapo anastahili fidia, yumo katika daraja la juu, linaloanzia kilomita 3,500, hata kama kilichochelewa ni kipande cha Schiphol hadi Heathrow peke yake.

## Njia nyingine na hali za pembeni

Je, treni ni haraka zaidi?

Treni ya Eurostar kutoka Amsterdam Centraal hadi London St Pancras huchukua takriban saa nne, mbali na muda wa ukaguzi wa pasipoti kabla ya kupanda. Kwa ndege, dakika 15 za treni hadi Schiphol, saa mbili za kuwahi uwanjani, saa 1 na dakika 20 za ratiba, uhamiaji, na nusu saa ya treni ya Elizabeth hadi Paddington huleta jumla ya saa tano au karibu yake. Kwa anayetoka jiji hadi jiji treni haina cha kuonea haya. Kwa anayeunganisha ndege uwanjani, ndege bado ina maana. Gari kupitia Calais ni zaidi ya kilomita 500 na huchukua siku nzima ya kazi.

Ndege ikizunguka sana kabla ya kutua, mafuta hayataisha?

Kanuni zinataka ndege ya jeti itue ikiwa bado na mafuta ya angalau dakika 30, na kabla ya kufikia kiwango hicho iwe na mafuta ya kwenda uwanja mbadala. Rubani akiona anakaribia mpaka huo hubadili uelekeo mapema.

Heathrow ikifungwa ghafla hutokea nini?

Tarehe 21 Machi 2025 moto kwenye kituo cha umeme cha North Hyde uliifunga Heathrow kwa karibu siku nzima, na ndege zilizokuwa njiani zilitawanywa kwenye viwanja vingine au kurudi zilikotoka. Anayetoka Schiphol ana afadhali, kwa kuwa ndege yake kwa kawaida huwa haijaruka.

Nikae upande upi nione jiji?

Kulia, unapokwenda London. Upepo ukitoka magharibi, kama ilivyo siku nyingi, ndege hushuka kwa kulipita jiji na katikati yake huwa upande wa kulia.

Nimenunua tiketi mbili tofauti, ya kufika Schiphol na ya kwenda Heathrow. Nihesabu muda gani?

Hesabu saa nne kwa uchache, na uwe na viza ya Schengen ikiwa uraia wako unaihitaji. Mizigo ya chini haitahamishwa yenyewe: utapita uhamiaji, utaichukua kwenye mkanda, utaikabidhi upya na kukaguliwa tena. Ndege ya kwanza ikichelewa, shirika la pili halina wajibu wa kukungoja wala kukupa kiti kingine, na fidia ya kipande cha pili haipo, kwa kuwa ndege hiyo iliondoka kwa wakati, ila bila wewe.